Mgeni Aliyekuja Kumtafuta Mwenye Shamba

Wapendwa, kaeni vizuri. Naona wengine mmeshaegemea ukuta na hubiri lenyewe halijaanza. Leo nina habari ya bwana mmoja mkulima wa mpunga. Jina lake sitaji, na msianze kugeuza shingo kumtafuta, hayupo hapa. Nimemtunga mwenyewe jana nikipepeta maharage. Lakini kama atakukumbusha mtu unayemfahamu, au akikukumbusha wewe, tulia hivyo hivyo mpaka tumalize.

Bwana huyu alikuwa Mkristo wa kuonekana. Pikipiki yake ina stika ya msalaba, simu yake ikiita inaimba pambio, na kwenye kwaya anaimba besi, ile besi ya kutikisa vioo vya madirisha. Shambani kwake, pale njia inapopita, alisimamisha bati, akalipaka rangi nyeupe, akaandika kwa herufi nyekundu: SHAMBA HILI NI LA YESU. Watu wakipita wanasema, "Ama kweli huyu ameokoka." Naye akisikia anafurahi. Nani asingefurahi?

Sasa ninyi mnaolima kwa mfereji mnajua mambo ya zamu. Siku ikiwa yako, unaziba mfereji kwa ubao, maji yanageuka yanaingia kwenye majaruba yako, kila kipande cha mpunga kinajaa ndani ya matuta yake. Zamu ikiisha unang'oa ubao, maji yanashuka kwa mwenzio wa chini. Na mfereji wa huko ulikuwa na sheria kali: ubao wa mtu hauguswi na mtu mwingine. Aliyeuweka ndiye anautoa. Ukiugusa ubao usio wako, unanyang'anywa zamu msimu mzima, maana watu walishawahi kutoana damu kwa majembe pale.

Chini ya bwana wetu alilima mama mmoja, mgeni kijijini, anaishi na wajukuu. Ana jaruba moja tu, na hilo jaruba ndilo chakula chao cha mwaka. Mama huyu haendi kanisani. Kamati ya maji ilipokaa kugawa zamu, kila mtu aliikataa Jumapili. Huyu anasali, yule anasali, mwenyekiti mwenyewe anasali. Wakamgeukia mama: "Wewe husali, si ndiyo? Basi Jumapili chukua wewe." Mama akachukua, tena kwa furaha, kwa sababu siku hiyo mfereji hauna kelele wala mabishano.

Zamu ya bwana wetu ilikuwa Jumamosi. Jumapili kukipambazuka anatakiwa akang'oe ubao. Jumapili ya kwanza mama akaamka mapema, akasimama kwenye tuta, akasubiri. Maji hakuna. Akapandisha mfereji, akaukuta ubao umesimama pale pale. Akaenda nyumbani kwa bwana, akamkuta anafunga mlango, suti imenyooka, Biblia kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Naona ubao umeusahau. Zamu yangu imefika."

"Sijausahau, mama. Leo ni siku ya Bwana. Mimi Jumapili sishiki kazi yoyote, na kung'oa ubao ni kazi."

"Kazi gani hiyo? Si kuinama na kuvuta tu?"

"Ndivyo inavyoanza. Leo ubao, kesho jembe. Nitautoa kesho asubuhi."

"Kesho ni zamu ya watu wa ng'ambo, baba. Maji hayaji tena huku."

"Basi tumwombe Mungu atuletee mvua," akasema, akawasha pikipiki, akaenda kuimba besi.

Jamani! Mnacheka. Chekeni, lakini niambieni: siku ile nzima maji yalikuwa kwa nani? Bwana amepumzika, sawa. Shamba lake limepumzika? Lilikunywa Jumamosi, likanywa na Jumapili ya mama wa watu. Na nisimwonee, ndugu zangu. Bwana huyu hakukusudia kuiba. Aliamini kabisa kwamba anamheshimu Mungu. Hilo ndilo linalonitisha mimi, kwamba mtu anaweza kumwumiza jirani yake huku moyoni anajisikia mtakatifu.

Jumapili ya pili, yale yale. Mama akamwendea mwenyekiti wa maji, naye ameshaondoka, yuko ibadani. Watu wote wenye uwezo wa kumsaidia mama yule walikuwa sehemu moja, wamefumba macho, wanaomba.

Wakati huo mpunga ulikuwa umeanza kuchanua. Wakulima mnajua. Mpunga ukikosa maji ukiwa unachanua, suke linasimama zuri kabisa, ukilishika ni jepesi, unavuna mapepe. Mama akashika masuke yake, akaona kwamba Jumapili moja zaidi ikipita hivi hana kitu cha kuwapa wajukuu. Alilia, nisiwafiche. Halafu akafuta machozi akasema, "Kuna mtu mmoja sijamwendea."

Jumapili ya tatu akaoga, akajifunga khanga zake safi, akaja kanisani. Akakaa nyuma. Ikafika saa ya matangazo. Mnazijua desturi zetu. Mzee anayetangaza akasema, "Wageni wetu wasimame watusalimie." Mama akasimama. Makofi!

"Karibu sana, mama yetu. Umetokea usharika gani?"

"Sijatokea usharika wowote. Nimetokea shambani."

Watu wakacheka, cheko la upendo tu.

"Karibu, mama. Umekuja kusali nasi?"

"Nimekuja kumtafuta mtu. Nimeambiwa huku ndiko anakopatikana."

"Nani huyo, mama?"

"Yesu."

Ee, kanisa likalipuka! Vigelegele, haleluya, mtu wa kinanda hakusubiri kuambiwa. Na mnajua nani alipiga makofi kuliko wote? Bwana wetu wa besi. Alimtambua jirani yake, akajisemea moyoni, "Ushuhuda wangu umezaa matunda." Mama akasubiri mpaka wakanyamaza.

"Asanteni kwa kunipokea. Nina shida naye ya maji. Lile shamba lililo juu ya jaruba langu ni lake, limeandikwa pale njiani, kila mtu anasoma. Sasa mtu aliyemweka kulilima ananizibia maji kila Jumapili, ananiambia ndivyo mwenye siku anavyotaka. Mimi sitaki ugomvi na mfanyakazi. Nimekuja kwa mwenye shamba nimwulize uso kwa uso: ni kweli ni yeye aliyesema mpunga wangu ufe?"

Mtu wa kinanda aliondoa mikono kwenye kinanda kana kwamba kimemchoma. Mzee wa matangazo akaigeuza karatasi yake, akaisoma hata upande wa nyuma. Wewe ungemjibu nini? Ungesema, "Hapana mama, Yesu hakusema"? Basi nani kasema? Ungemwambia arudi Jumatatu?

Aliyejibu alikuwa bwana wa besi, na hakujibu kwa mdomo. Alitoka kwenye kwaya akiwa na joho lake, akapita katikati ya kanisa, macho chini, akafika mlangoni akaanza kukimbia. Pikipiki hata hakuikumbuka. Alikimbia mpaka mfereji, akaingia na viatu vyake vya kung'aa, matope mpaka magotini, akaushika ule ubao akauvuta. Ulikuwa umekaza. Akavuta tena, akaanguka chali majini pamoja nao, na maji yakashuka kwa kishindo.

Mama akafika nyuma yake anahema. Bwana akasimama, joho limelowa linachuruzika, akasema, "Mama, nimekukosea. Nimekukosea sana. Nisamehe."

"Nimekusamehe, baba. Lakini tuta langu linavuja kule pembeni, maji yatapotea. Lete jembe."

Na akalileta, ndugu zangu! Siku ya Bwana, na joho la kwaya, mzee mzima anaziba tuta la jirani, na kwa mara ya kwanza tangu anunue lile shamba alikuwa anaimba bila kutafuta mtu wa kumsikiliza. Mama akawa anamcheka: "Baba, sauti unayo, ila jembe hujui kulishika." Wakacheka wote wawili. Mpunga uliokoka? Uliokoka. Si wote, upande mmoja ulikuwa umeshaharibika, lakini wajukuu walikula mwaka ule, tena wakabakiza mbegu.

Sasa tuwaache hao, tujiangalie sisi. Ndiyo, sisi, na mimi nikiwemo. Jina la Yesu tumeliandika kila mahali: kwenye duka, kwenye bajaji, kwenye lango, kwenye vitenge vya umoja wa akina mama. Siwaambii mkafute. Andikeni! Ila mjue mnachokifanya. Ukiandika jina la mtu juu ya kitu chako, umewaruhusu watu wamwulize yeye kwa yale unayoyafanya wewe. Dukani kwako mizani ikipunja, umemsingizia nani? Baba, unaongoza sala ya jioni halafu mkeo humsemeshi wiki nzima, unafikiri watoto wanajifunza Yesu ni mtu wa namna gani? Mama, yule binti wa kazi anayekula peke yake jikoni baada ya nyinyi kubariki chakula, akija hapa mbele leo aseme anamtafuta Yesu wa nyumba yako, utapiga makofi au utatafuta mlango?

Bwana Yesu mwenyewe aliponya watu siku ya sabato, na wenye dini wakamnunia. Hakujali. Alimtazama mgonjwa. Na habari njema ni kwamba Mungu hatudai miujiza. Yule bwana hakutoa pepo wala hakufufua mtu, aliinama tu akavuta ubao, na ndipo furaha ikamwingia, furaha ambayo besi ya miaka yote haikumpa. Mimi naitaka furaha hiyo. Na ninyi mnaitaka, naziona nyuso zenu.

Kwa hiyo leo sitawaita mje mbele. Leo mwito ni wa kutoka nje. Kama kuna mtu umemzibia kitu na sasa hivi umeshamkumbuka kwa jina, usisubiri baraka ya mwisho, baraka iko njiani huko. Simama, uende. Kwaya, msianze kwanza. Naona mmoja ameshasimama kule nyuma. Sogezeni miguu, wapendwa, mpisheni apite.