Mikeka ya Nyumba ya Darmi

Mkulima aliyekusudia kulima hushika jembe lililo karibu, hata kama mpini wake umepinda, akaingia shambani ardhi ikiwa bado laini. Anayezunguka akitafuta jembe zuri zaidi hukutwa na kiangazi akiwa bado yuko njiani. Watu wa Mto Tana hawahitaji kufundishwa hayo, kwani maji ya mto yakishuka kondeni hayamngoji mtu kupanda mpunga. Hata hivyo, masika moja ya miaka ya hamsini, watu wa Garsen walikumbushwa jambo hilo, na yaliyowakumbusha hayakuwa majembe bali magari.

Mto ulikuwa umefura kama unga wa mkate uliotiwa hamira, na kivuko kilikuwa kimefungwa. Magari matatu yalizuiwa hapo, yote ya kuvuta kwa magurudumu manne, na madereva wake hawakuwa na kazi ila kubishana lipi ni dume. Godana alilisifia lori lake: lina nguvu za tembo, na mbele lina waya wa chuma wa kujinasulia. Danson alilisifia Landrova lake la kijani, kwamba bodi lake halijui kutu na kwamba safari zote za Malindi halijawahi kumlaza njiani. Kazungu naye alikuwa na jipu kuukuu lililoachwa na vita. Rejeta yake ilivuja, taa moja ilikuwa pengo, na kuwashwa kwake kulitaka hendeli ya kuzungusha kwa mkono, na maombi. Wenzake walimwambia kwamba gari lake ni mgonjwa anayetembelea wagonjwa. Kazungu alicheka nao, kwa maana hata yeye aliamini hivyo.

Rosina, mkunga wa zahanati, aliyasikia mabishano hayo kila alipokwenda kuchota maji, mwanawe mchanga akiwa mgongoni. Asubuhi moja alikuwa akimnyonyesha pale barazani alipotokea Halake, mfugaji wa Kiorma, matope yamempanda hadi kiunoni. Mkewe, Batula, alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana. Mtoto hatoki. Rosina alimuuliza maswali mawili matatu. Kwa maelezo yale, mtoto alikuwa amekingama tumboni. Mikono yake peke yake isingetosha. Batula alihitaji daktari, na kwa bahati daktari wa serikali alikuwa amezuiwa na mafuriko hapo hapo Garsen. Asingeweza kuwaacha wagonjwa wake waliojaa zahanati. Ilibidi Batula aletwe, na aletwe kabla ya jua kuzama.

Rosina alimkabidhi mtoto kwa Florence, jirani yake, akaenda kivukoni na Halake.

Madereva walisikiliza kwa huruma, kisha wakaanza kuchagua. Godana alisema lori lake ni zito, udongo ule mweusi ungelimeza, afadhali liende Landrova. Danson alisema ni kweli Landrova ndilo lifaalo, ila matairi yake yamekwisha meno na mapya yanatoka Mombasa. Yakifika hata kesho, atakwenda popote aitwapo. Wote wawili walikubaliana kwamba jipu lisifikiriwe.

"Ndugu zangu," Rosina alisema, "sikuja kuuliza lipi bora. Nimeuliza nani anakwenda."

Kazungu alijikuna kidevu, akalitazama jipu lake kama mtu anayemtazama mtoto wake mtundu.

"Mama, hili langu likitufia huko, usinilaumu."

"Likitufia tutalisukuma, kaka. Lete hendeli."

Wakaondoka, jipu likikohoa kama mzee mvuta tumbaku. Halake alitangulia kwa miguu kila penye maji, akipima kina kwa fimbo yake kama anavyowapimia ng'ombe wake. Kazungu alimfuata polepole, magurudumu yote manne yakivuta. Kila rejeta ilipolia kiu, Rosina alishuka akainywesha kwa kibuyu. Matiti yake yalikuwa yamejaa maziwa hata yakauma, naye akamwazia mwanawe, kisha akamwazia yule mtoto wa Batula ambaye hakuwa amepata hata pumzi ya kwanza.

Kambi ya akina Halake ilionekana, moshi wake ukipanda, ndipo wakafika kwenye bonde jeusi. Jipu likaingia, likasita. Kazungu akakanyaga mafuta kwa nguvu, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Magurudumu yote yalizunguka kama mapia bila kusogea, likakaa kwa tumbo lake.

"Hapa hata lori lingekwama," Kazungu alisema kwa huzuni.

"Hatuna lori," Rosina akamjibu. Alikuwa tayari ameshuka, anachimba matope kwa mikono.

Halake alikimbilia kambini. Punde wanawake wakashuka kutoka kilimani, mbele yao mama yake Halake, Darmi, mwanamke mrefu aliyebeba mzigo kichwani. Kwa Waorma nyumba ni ya mwanamke. Yeye huijenga kwa fito na mikeka, na yeye tu ndiye huibomoa wanapohama, mwanamume haigusi. Darmi alikuwa ameibomoa yake, na mvua ilikuwa ikinyesha.

Kazungu aliguna. "Mama, utalala wapi?"

"Kwanza mjukuu wangu apate pa kulala," Darmi alisema, akatandaza mkeka wa kwanza chini ya gurudumu. "Ondosha punda wako, mwanangu. Polepole."

Walilinyanyua kwa mabega. Safari hii Kazungu aligusa mafuta kwa ncha ya kidole cha mguu. Magurudumu yakaushika mkeka, mkeka ukaushika udongo, na jipu, kwa kuwa lilikuwa jepesi, likajivuta juu kama mbuzi anayetoka mtoni. Kambini Batula alipakiwa, kichwa chake mapajani mwa Rosina. Kurudi kulikuwa hivyo hivyo: penye tope, wanawake walitandaza mikeka mbele, gari likapita, wakaizoa ya nyuma na kuikimbiza mbele tena, huku wakiimba na kumtania Kazungu kwamba kahamishwa nyumba kama bibi harusi.

Waliingia Garsen jua lingali juu ya miti. Lori la Godana lilikuwa pale pale. Landrova la Danson lilikuwa pale pale, safi, linang'aa. Madereva wawili wakasimama, wakaona jipu lisilo rangi ila tope likipita, nyuma yake msafara wa wanawake wenye mikeka vichwani.

Kabla ya magharibi, kilio chembamba kilitoka zahanati. Mtoto wa kike. Batula alikuwa mzima. Vigelegele vya Waorma na vya Wapokomo, wakulima wa hapo Garsen, vikachanganyika hata visijulikane ni vya nani. Rosina alijitupa barazani kwa Florence, akamchukua mwanawe na kumpa titi, machozi na kicheko vikimtoka pamoja.

Danson alimsogelea Kazungu, sauti imepungua. "Basi kaka, tukubali. Jipu ndilo bora?"

Kazungu alikuwa akiijaza rejeta maji. "Bora ni Landrova lako, nakuambia kweli. Tatizo lake ni kwamba halikwenda."

Asubuhi iliyofuata Danson alikuwa wa kwanza kuwasha gari. Matairi yalikuwa yale yale yasiyo na meno. Nyuma alimpakia Darmi na mikeka yake iliyooshwa, pamoja na mipya aliyoongezewa na wanawake wa Kipokomo, akaenda naye hadi kambini kusimamisha nyumba upya. Akafika, akarudi, wala hakuna aliyemsikia tena akiulizia matairi ya Mombasa. Alikuwa amejua kwamba mchagua jembe si mkulima.