Sisimizi Aliyeng'ata Jani

Isome hadithi hii polepole hadi mwisho. Ikikugusa, usikae nayo peke yako, mpe na mwenzio.

Palikuwa na mama mmoja kijana, Leokadia, aliyesomea mambo ya kuvu chuoni. Kijiji chao kilikuwa chini ya mlima wenye msitu wa ukungu, na huko kila mtoto mchanga huitwa Mgeni. Hapewi jina mpaka jino la kwanza lionekane, kwa sababu mgeni anaweza kuondoka wakati wowote. Siku jino linapochungulia, kabla jua halijazama, mama humnong'oneza mtoto jina lake sikioni, na tangu hapo mtoto ni mwenyeji. Mama asipokuwepo, watu husema mtoto amebaki mlangoni.

Leokadia alikuwa na Mgeni wake wa kike, bado ananyonya.

Siku moja msituni alimkuta sisimizi amekufa chini ya jani, taya zake zimeuma mshipa wa jani na kuganda hapo. Shingoni alikuwa ameota pembe nyembamba yenye rangi ya manjano.

Akampeleka sisimizi yule kwa profesa wake. Profesa aliitazama pembe ile kwa hadubini, akailinganisha na kuvu zote zinazojulikana. Hakuna iliyofanana nayo.

"Hii ni mpya," akasema. "Lakini kuvu haitambuliwi kwa pembe peke yake, hutambuliwa kwa mbegu zake, na hii bado changa. Niletee iliyokomaa, nami nitaipa jina lako. Ukichelewa, wengine wataileta."

"Inamuuaje sisimizi?" Leokadia akauliza, ingawa alijua. Alipenda kuisikia habari ile.

"Inamwingia mwilini kimya kimya. Siku yake ikifika, sisimizi anaacha shimo lake na wenzake, anapanda. Akifika juu anauma jani, na hapo ndipo anapofia. Naye muda wote huo anadhani kupanda ni wazo lake."

Asubuhi ya kwenda msituni, mama yake, Bibi Apolonia, alimzuia mlangoni akiwa amembeba mjukuu.

"Ufizi umevimba, mwanangu. Jino liko njiani, na mwili una moto. Leo kaa."

"Nitarudi mapema, mama."

"Jana ulisema hivyo hivyo. Huyu siku hizi akikuona anakushangaa. Sijui kati yenu nani mgeni."

Leokadia akacheka kidogo, akambusu mtoto, akaenda.

Alifuatana na Kobelo, mlinzi wa msitu, mtu mwenye utani mwingi. Hawakwenda mbali. Kwenye vichaka vifupi, usawa wa goti, waliwakuta sisimizi wengi, kila mmoja na jani lake, kila mmoja na pembe yake. Nyuso zao zote zilielekea upande mmoja, bondeni, kama watu walioitwa na sauti moja.

Kobelo akavua kofia. "Mimi hapa sikai, Mama Mgeni. Hawa wananisubiri nami nichague jani."

"Pembe zao bado changa," Leokadia akasema. "Zilizokomaa ziko juu kidogo."

Wakapanda. Ukungu ukashuka, ndege wakanyamaza. Kila walipofika, pembe zilikuwa changa, naye akasema, "Juu kidogo tu."

Kwenye mwamba mmoja simu ya Kobelo ikashika mtandao, ikalia. Akasikiliza, kisha akageuka bila utani.

"Ni Bibi Apolonia. Jino limechungulia. Homa imepanda. Anasema uteremke, jua lisikutangulie."

Leokadia alikuwa anatazama mti mrefu uliosimama ukingoni mwa korongo. Juu kabisa, kwenye tawi jembamba, aliona pembe nene, nyeusi nchani. Iliyokomaa.

"Dakika moja," akasema, akaanza kupanda.

Alipanda bila woga, naye tangu utoto aliogopa kupanda miti. Akalifikia tawi, akakivunja kijiti chenye lile jani na sisimizi wake. Kwa kuwa mikono yote miwili ilihitajika kuushika mti, akakiuma kijiti kwa meno.

Akatulia. Palikuwa pazuri pale. Palikuwa kimya.

Kisha, kwa mbali sana, akasikia mtu akiita. "Mama Mgeni! Mama Mgeni!"

Akataka kuitika, taya zisifunguke. Akataka kuachia mti, vidole visiachie. Mbele yake lilikuwa bonde, na uso wake umeelekea huko huko, upande ule ule. Shingoni, nyuma, kitu kikamtekenya.

Ndipo kifua kikamuuma. Maziwa yakaanza kumtoka yenyewe, ya moto, yakalowesha blauzi. Ilikuwa saa ya mtoto kunyonya, na mwili wake ulikuwa haujasahau.

Leokadia akalia kwa sauti, na mdomo ukafunguka. Kijiti kikaanguka. Akateremka.

Kobelo alikuwa amekaa chini, sauti imemkauka. "Nimekuita tangu jua liko utosini," akasema. "Hukusikia?"

Leokadia akatazama juu. Jua lilikuwa limeinama. Akakimbia.

Alifika mwanga ukiwa umebaki kwenye vilele vya migomba tu. Bibi Apolonia alikuwa mlangoni, mtoto kifuani, halii tena, macho yametulia mno. Leokadia akampokea, akamnong'oneza sikioni jina la nyanya yake mwenyewe, Koletha. Mtoto akashtuka, akalishika titi, akamng'ata kwa lile jino jipya mpaka damu ikatoka.

"Sasa amefika," Bibi Apolonia akasema, akaketi chini na kulia.

Mvua zilipopita, Leokadia alirudi msituni na Kobelo. Pale kwenye vichaka, usawa wa goti, pembe zote zilikuwa zimekomaa zenyewe. Alizichuma akiwa ameinama tu. Kwa pembe hizo kuvu ikatambuliwa, na profesa alipotaka kuipa jina lake, alikataa. "Ipeni jina la mlima," akasema.

Chini ya ule mti walikikuta kijiti. Kilikuwa na alama mbili za meno: za sisimizi kwenye mshipa wa jani, na za mtu kwenye kijiti chenyewe.

"Tukichukue, Mama Koletha?" Kobelo akauliza.

"Kiache," akasema, na mkono wake ukaenda shingoni wenyewe, ukapapasa.

Funzo: Kabla hujajisifu kwamba unapanda, jiulize ni nini kinachokupandisha, na ni nani uliyemwacha chini akikuita, maana mengi tunayoyafuata juu yangekomaa yenyewe hapa hapa chini, kama tungesubiri.