Hewala ya Fisi

Mwaka ambao hata vyura walifungasha virago, wanyama wa bondeni walikubaliana kuchimba kisima. Mzee Simba, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasimamia wenzake huku amelala, aliweka desturi: kila asubuhi angetangaza kazi ya siku, na atakayetangulia kuitikia "Hewala!" ndiye angekunywa kwanza jioni. Anayeitikia mapema, alisema, ana moyo wa kazi.

Fisi alikuwa na moyo wa kazi uliopita kiasi. Simba hajafunga kinywa, Fisi yuko hewani.

"Hewala, Baba! Hewala mara saba! Kazi hii nimeiota usiku kucha, nimeamka nalia kwa furaha!"

Kisha aligaragara vumbini, akapiga vigelegele, akabubujikwa machozi, mpaka Swala akaona haya kwa niaba yake. Majembe yalipogawiwa, mguu wa Fisi ulianza kuuma. Leo mguu huu, kesho ule. Basi mgonjwa wa watu akawa anawatia moyo wachimbaji kutoka kivulini.

Bi Sungura alichimba mpaka viganja vikachubuka na jembe likagota kwenye jabali. Jioni, maji machache yaliyojikusanya shimoni Fisi aliyanywa kwanza, tumbo likaning'inia, na Bi Sungura akarudi kwa wanawe na tope kwenye jani. Kitinda mimba wake hakuwa na nguvu hata za kulia. Hilo lilimkata maini kuliko kiu yake mwenyewe.

Akamwendea Simba. "Mzee wangu, Fisi hajawahi kushika jembe."

"Lakini mwenzako ana bidii," Simba akasema. "Wewe unaitikia kama uliyefiwa."

Bi Sungura akameza mate, hayo machache aliyobaki nayo. "Basi nina ombi dogo. Kesho tangaza kazi taratibu, kama inavyompasa mfalme. Sema kidogo, pumzika. Sema tena, pumzika."

Simba, aliyeipenda mno sauti yake, akaona huo ni ushauri wa busara ya ajabu.

Asubuhi akapanda kichuguu, akakohoa. "Leo kuna kazi..."

"Hewala, Baba!" Fisi akaruka.

"...ya mtu mmoja tu..."

"Ni mimi! Atakayeigusa kazi yangu tutagombana!"

"Bwana Fisi, si usikilize kwanza mpaka mwisho?" Bi Sungura akauliza kwa upole.

"Wivu huo! Baba, naapa mbele ya wote hawa, nikiiacha kazi hii, unile!"

Simba akapumzika, kama alivyoshauriwa. "...ya kushuka chini kabisa ya kisima na kulivunja jabali linalozuia maji. Atapandishwa likishavunjika."

Machozi ya furaha yakakauka papo hapo. "Baba," Fisi akasema, "unajua, mguu wangu..."

"Upi?" Simba akauliza.

Fisi akaushika wa kulia, akafikiri, akaushika wa kushoto. Bonde zima likaangua kicheko. Simba angeweza kuvumilia kiu, lakini si kuchekwa, na sasa alielewa kwamba siku zote hizo aliyechezewa ni yeye. Akashuka kwenye kichuguu polepole, akilamba midomo. Alikuwa hajala tangu juzi. Fisi akajifunga kamba mwenyewe.

Mchana kutwa nyundo ililia kisimani. Jua lilipoinama jabali likapasuka, maji yakaruka, na Simba akaagiza kwamba watoto watangulie kunywa. Kitinda mimba wa Bi Sungura akanywa, akapaliwa, kisha akalia kwa sauti kubwa. Mama yake hakuwahi kufurahia kilio namna ile.

Fisi alipopandishwa, ameloa tope na viganja vimemchubuka, Simba alikuwa tayari anatangaza tena. "Kesho kuna kazi..."

Wote wakamgeukia Fisi. Fisi akavitazama viganja vyake.

"Kazi gani hasa, Baba?" akauliza kwa sauti ndogo.

Tangu siku hiyo, bondeni kwao hewala husemwa na aliyekwisha kushika jembe, tena kwa sauti ya kawaida.