Picha ya Sultani Juu ya Babu Yake

Hapo zamani, katika milki waliyoiasisi Wapashtuni kwa upanga, alitawala Sultani Shahbaz, debe tupu lenye kilemba. Nchi ile aliiteka babu yake, Zarak Khan, ambaye mpaka anakufa aliketi zuliani pamoja na wakuu wenziwe. Mjukuu hakupata kuteka hata zizi la mbuzi, lakini alijitengenezea kiti cha enzi chenye ngazi saba.

Siku moja akamwita Torgul, mchoraji fukara mwenye ulimi mkali.

"Nichoree babu yangu barazani na wakuu wake," akasema, "nami niwe juu yao wote. Lakini jihadhari. Kwetu mdogo kumkalia juu mkubwa wake ni aibu. Wakuu wakiona aibu hiyo pichani, nitakukata mkono."

"Nimesikia, bwana wangu," akajibu Torgul, akatoka roho mkononi. Akimchora Sultani juu, mkono umekwenda. Akimchora chini, umekwenda vilevile. Na mkono ule ndio uliomlisha yeye na mkewe. Siku tatu hakugusa rangi, akimlaani mjinga yule kimoyomoyo. Siku ya nne akacheka peke yake, akashika kazi.

Basi ikawa picha kufunuliwa mbele ya wakuu wote. Zarak Khan ameketi zuliani, wenziwe wamemzunguka, ndevu zao zimechorwa unywele kwa unywele. Na mabegani mwa mzee, juu ya vichwa vyote, kimekaa kitoto kibogoyo, matako wazi, kimeng'ang'ania kilemba cha babu.

"Ni nani huyu?" akauliza Sultani.

"Ni wewe, bwana wangu. Uko juu ya wote, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Asiyejua kitu ndiye pekee awezaye kumkalia babu yake mabegani, watu wakacheka tu."

Wakuu wakacheka hadi machozi. Sultani akachomoa jambia aichane picha, ndipo mkuu mmoja mkongwe akainuka.

"Taratibu, mwanangu. Uso huo ni wa Zarak Khan. Atakayeuchana, sisi si watu wake tena. Kazi ni njema. Mvike mchoraji joho la heshima."

Sultani akamvika kwa mikono yake mwenyewe. Torgul akainama kwa adabu zote, akamnong'oneza: "Ukitaka nikuchore mtu mzima, bwana wangu, kwanza fanya jambo."