Kwa Nini Watu wa Igunguli Huenda Ngomani na Kuni

Ukifika Igunguli siku ya ngoma utatuona tunapita na kuni kichwani, watu wazima, tumevaa tukapendeza, na utacheka. Cheka tu. Wageni wote hucheka, kisha huja kuniuliza mimi. Shule niliiacha darasa la tano na sioni nilichokosa, maana jambo hili hata mwalimu hakulijua mpaka nilipomweleza.

Zamani hizo Igunguli ilikuwa na sauti mbili. Ya ngomani ilitoka kooni, nyembamba, safi, mwimbaji akitabasamu kama anayepimwa nguo kwa fundi. Ya msibani ilitoka tumboni na kupanda na kila kilichomo humo. Hazikuchanganywa kamwe. Ukiimba kwa tumbo pasipo maiti, umeita maiti. Basi watu walicheza miaka nenda miaka rudi, wakirudi nyumbani vilevile walivyokwenda, na bado walijiona wanajua muziki!

Kalunde aliongoza nyimbo za misibani tangu usichana wake. Alipoanza yeye, hata waliofuata ubwabwa walilia. Lakini moyo wake ulitaka ngoma, na ngomani alitaka kuimba kwa sauti hiyohiyo, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Mwaka wa kwanza alikwenda kwa Lufunga, mwenye ngoma, akafukuzwa. Mwaka wa pili akachekwa. Mwaka wa tatu akaenda tena.

"Baba Lufunga, nimekuja."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nataka kuimba sikukuu ya mavuno."

"Mwanangu, watu wanakuja kucheza. Wewe utawazika."

"Nipe wimbo mmoja. Ukiisha hawajanyanyuka kucheza, sifungui tena kinywa. Ngomani wala msibani."

Wapiga ngoma wakaangua kicheko. Lufunga akakubali upesi. Kwa wimbo mmoja tu angepona kero ya miaka mitatu.

Siku ya mavuno manyunyu yalianza asubuhi. Ngozi za ngoma zikalegea, ukizipiga zinasema pwata, pwata, kama mtu anayetembea kwenye tope. Zilihitaji moto, na kuni za pale uwanjani zote zilikuwa zimelowa. Watu wakabaki majumbani mwao. Wapiga ngoma wakakunja mikono.

"Haya, dada, uwanja wako huo," akasema mmoja wao. "Imba, vyura wanakusubiri."

Mwingine angesema tungoje kesho. Kalunde alivua viatu, akasimama kwenye tope, akafumba macho, akaanza.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa mapenzi, wa mwanamume aliyeahidi kurudi kabla mtama haujaiva. Maneno mepesi kabisa. Ila sauti ilitoka tumboni, ikavuka bonde, ikaingia nyumba hadi nyumba. Maneno hayakufika, ilifika sauti. Na watu wa Igunguli wakafanya walichojua kufanya wakisikia sauti ile. Wanawake walijitanda kanga, wakachota unga. Wanaume walichomoa kuni kavu darini. Wakaja mbio, wakilia, mbele yao ajuza mmoja, Bibi Nyanzobe, na bakuli lake la unga.

"Uwii! Katutoka nani?"

Wakaketi chini, miguu wameinyoosha, kama desturi ya msiba. Kalunde alifumbua jicho moja, akaona kijiji kizima. Angenyamaza aeleze, wimbo ungekwisha, na kiapo chake kingemfunga palepale. Hakunyamaza. Alirudi mwanzo wa ubeti, akazidisha.

Bibi Nyanzobe alitega sikio. "Jamani, huyu anamlilia mwanamume!"

"Marehemu?"

"Marehemu wapi? Mzima kabisa, na ninamjua!" Akacheka, kisha machozi yakamtoka kweli. "Na wangu alinifanya hivihivi."

Wanaume wakaanza kuzipanga kuni karibu na ngoma. Lufunga akaruka. "Hizo ni kuni za msiba!"

"Umemwona maiti hapa?" Bibi akamuuliza. "Washeni."

Moto ukashika. Ngozi zikakaza taratibu, na Kalunde akawa bado yuko kwenye wimbo uleule, sauti imekwaruza, miguu imezama topeni, hauachi. Ngoma ya kwanza ilipolia, Bibi Nyanzobe alinyanyuka na bakuli lake, akacheza mpaka unga ukamwagika mabegani. Nyuma yake wakanyanyuka wote. Lufunga alikuwa wa mwisho, lakini alinyanyuka.

Kalunde aliimba miaka thelathini na zaidi, hata katika vijiji vya ng'ambo ya mto. Waliomwita mharibifu walimletea binti zao awafundishe kuimba kwa tumbo. Alipofariki, watu walikuja na kuni zao, na Lufunga, mzee wa kushikwa mkono, ndiye aliyesema ngoma zisogezwe motoni.

Na tangu siku ile ya manyunyu, ngomani kwetu wimbo wa kwanza huimbwa bila ngoma, sisi tumeketi chini, miguu tumeinyoosha, kuni zikiwaka. Hanyanyuki mtu mpaka sauti imtoe chini.

Wewe mgeni umekuja mikono mitupu, nimekuona. Kuni ziko nyuma ya nyumba yetu. Chukua mzigo, twende.