Shahidi wa Mishi na Kerubo

Hapo zamani, na usiniulize zamani gani, maana simu zilikuwapo na foleni ya feri ya Likoni ilikuwa vilevile, palikuwa na wanawake wawili waliopendana. Mishi alikuwa fundi wa cherehani. Kerubo alikuwa nesi. Miaka kumi na mmoja waliishi pamoja Likoni, na miaka yote hiyo kila aliyeuliza alijibiwa, "Ni dada yangu."

Wakienda Malindi kupumzika, mtu wa mapokezi huuliza, "Dada vipi, mmoja Mdigo, mwingine Mkisii?"

Mishi hakohoi wala hajikuni. "Baba yetu alisafiri sana."

Basi hupewa vitanda viwili, kimoja huku, kingine kule dirishani.

Siku moja Kerubo alichoka. "Mishi, nataka tufunge ndoa. Kisiwani, penye bahari na minazi na watu wasiotuuliza habari za baba. Wiki moja tu, nisiwe dada yako."

Mishi alifurahi mno. Akatoa ahadi mbele ya marafiki: "Atakayetufikisha mahali tukalala kitanda kimoja bila uongo, huyo ndiye atakayekuwa shahidi wa ndoa yetu." Ahadi hizi, jamani, mtu huzitoa akiwa ameshiba pilau.

Wa kwanza kuamka alikuwa Mwakio, karani wa mahakama. Alileta ramani ya dunia na kalamu nyekundu. Kila kisiwa anachokitaja Mishi, Mwakio anafungua sheria zake.

"Hiki kina mchanga mweupe."

"Jela miaka kumi." Akakikata.

"Hiki kina kasa."

"Jela miaka mitano na faini." Akakikata.

"Hiki je? Kina maporomoko ya maji."

"Hawafungi. Wanafukuza tu." Akakikata.

Kerubo akashika kichwa. "Mwakio, hii ni likizo au hukumu?"

Siku tisa alisoma, macho yakamwiva, hata akabakiwa na kisiwa kimoja. Kinaitwa Talasanga, ni mbali kwelikweli, na huko ndoa yao inaandikwa na serikali mchana kweupe.

Akatokea Akeyo, jirani yao msusi. "Sheria ni nzuri, lakini karatasi haitandiki kitanda. Anayetandika ni nani, na ana roho gani?" Akaanza kupiga simu hoteli za Talasanga, moja baada ya nyingine, hana salamu ndefu. "Wanawake wawili, wapenzi, kitanda kimoja. Unasemaje?"

Wa kwanza akakata simu. Wa pili akasema wageni wote wanakaribishwa, ila kitanda kikubwa kimevunjika. Wa tatu naye chake kimevunjika. Wa nne vivyo hivyo.

"Ala!" Akeyo akapiga kelele. "Vitanda vya kisiwa hiki vimeingiwa na nini?"

Simu ya kumi na tisa ilipokewa na Bibi Delfina, aliyewahi kuwa mpishi Mombasa ujanani, na Kiswahili chake bado kizima. "Kitanda ninacho," alisema. "Ila kinalia. Watajali?" Akeyo alipiga vigelegele mpaka mteja aliyesukwa nusu kichwa akatoka mbio.

Safari ikaiva, ukabaki ukoo wa Mishi. Kaka zake wangemwachia aende ng'ambo na Kerubo kufanya nini? Hapo ndipo alipoingia Shangazi Mwanahawa. Huyu alikuwa somo, yule mama anayemfunda bibi harusi na kumsindikiza fungate, na amewasindikiza nusu ya mtaa. Hakuombwa na mtu. Alianza tu kuchechemea. Mwezi mzima alichechemea na bakora, akawaambia kaka zake Mishi, "Wanangu, magoti yamekwisha. Talasanga kuna chemchemi ya maji ya moto. Mishi atanishika mkono, Kerubo atanikanda."

Kaka wakatoa baraka. Mishi akaenda kujifungia chooni. "Fungate na shangazi! Mola wangu, nimekosa nini?"

Wakaondoka watano, Mwakio na Akeyo kila mmoja na nguo mpya ya kusimama shahidi. Bibi Delfina akawapokea kwa madafu. Akamtazama Kerubo, akamwuliza Mishi kwa upole, "Na huyu ni nani wako?"

Mishi akafungua mdomo. Mdomo uliozoea, ndugu zangu! "Ni dada yangu."

Lo! Bibi Delfina akaomba radhi, kumbe kwenye simu alielewa vibaya, akaenda kutafuta vitanda viwili. Mwakio aliangusha begi. Akeyo akajipiga kofi la paji la uso. Kerubo macho yalimjaa machozi.

"Hata hapa, Mishi? Basi kesho usinipeleke kwa msajili. Mimi sifungi ndoa na dada yangu."

Mishi akataka kulirudisha neno, ulimi ukagoma. Aliona aibu, tena aliogopa sana, kwa sababu alijua akimpoteza Kerubo pale hatampata tena.

Bakora ikagonga sakafu. "Dada wa wapi?" Ni Shangazi huyo. "We Delfina, rudi hapa! Mimi ndiye dada wa baba yake. Watoto wa nyumba ile nawajua mmoja mmoja, na huyu hayumo. Huyu ni mkwe wetu. Nimejua tangu mwaka wa kwanza, nikangoja niambiwe, sikuambiwa. Mimi ni somo wao. Tandika kitanda kimoja!" Akaitupa bakora, akapanda ngazi mbili mbili kwenda kufukiza udi chumbani.

Wakalala kitanda kimoja. Kililia kweli, na hakuna aliyejali.

Asubuhi msajili, Bibi Delfina akimfasiria, akamwuliza Mishi, "Huyu ni nani wako?"

"Mke wangu mtarajiwa!" Alisema kwa sauti hata watu wa barazani wakageuka. Kerubo akacheka na kulia kwa pamoja.

Msajili akafungua kitabu. "Shahidi ni mmoja tu. Nani?"

Wakasimama watatu.

"Ni mimi," alisema Mwakio. "Bila mimi mngelala pamoja, ndiyo, lakini rumande."

"Ni mimi," alisema Akeyo. "Nimekatiwa simu na kutukanwa kwa lugha nisizozijua. Na Shangazi, samahani, hufai. Ahadi ilisema bila uongo, na wewe umedanganya ukoo mzima kwa magoti!"

"Nimedanganya, sikatai," alisema Shangazi. "Nimedanganya kule ili hawa waseme kweli hapa. Nyinyi mkirudi kazi yenu imekwisha. Mimi nitakaa na kaka zake, niwatazame machoni na uongo huu mpaka nife."

"Lakini ulijua miaka kumi na mmoja, Shangazi," Mwakio akasema taratibu. "Ukanyamaza, nao wanajificha."

Shangazi akainamisha kichwa.

Mishi akashika kalamu. Akamgeukia Kerubo.

"Usinitazame mimi, mpenzi," Kerubo akamnong'oneza. "Ahadi uliitoa wewe."

Msajili anaangalia saa, na mlangoni wachumba wengine wanangoja zamu yao. Haya, nyinyi mnaocheka huko nyuma, nyamazeni mnijibu, tena msijibu wote kwa pamoja: Mishi aandike jina la nani?