Siwema na Nyumba ya Wageni ya Ngurumo

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa, na wewe uliyejifunika kanga huko nyuma!

Pakawa!

Basi sogeeni, ila msinikalie miguu. Leo nimeamka na hasira zangu, na hadithi hii ni ya watu walioogopa kukasirika.

Palikuwa na mama mmoja mjane, mji wake Vitongani. Alikuwa na watoto wawili, Siwema na mdogo wake Mbaraka. Mama huyo aliwalea kwa adabu, tena adabu iliyopitiliza. "Mkiwa kwa watu msilalamike," aliwaambia kila siku. "Mkipewa kibichi, semeni kimeiva. Mkipewa kigumu, semeni laini." Siwema alipokuwa mdogo alisema kwa jirani kwamba uji hauna sukari. Alifinywa paja mpaka likavilia damu. Tangu hapo hakusema tena.

Siku moja Mbaraka akaaga anakwenda Ngurumo, mlima ulio mbali, ambako maji hutoka ardhini yakichemka yenyewe bila moto wala kuni. Alitaka ayaone kwa macho yake, kisha arudi. Mwezi wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Wa tatu ukaisha. Mama akaacha kula, akawa anakaa mlangoni kutwa, anatazama njia.

"Mama, namfuata," Siwema akasema. "Nitarudi naye."

Akatembea siku tatu. Huko Ngurumo hakuna mji, hakuna soko, hakuna jamaa wa kumfikia. Kuna nyumba ya wageni moja tu. Na nyinyi mtakapokua mtazijua nyumba za namna hiyo. Mwenyewe hana haja ya kufagia wala kutandika, maana anajua huna pengine pa kwenda.

Mlangoni alisimama mwenye nyumba, Bwana Ngwamba. Kanzu inaburura mpaka chini, mdomo mpana, meno mengi kupita kiasi. Nyinyi mmekwisha jua kwamba huyo ni zimwi. Siwema hakujua. Alikuwa hoi, miguu imemvimba.

"Karibu, bibie, karibu! Jisikie uko kwako."

"Ahsante, bwana. Namtafuta mdogo wangu, Mbaraka. Alipita hapa?"

"Wageni ni wengi, bibie. Pumzika kwanza. Hayo tutazungumza kesho."

Akampeleka chumbani. Kitanda kilikuwa na miguu mitatu, na wa nne ulikuwa mawe yaliyopangwa. Chandarua kilikuwa na tundu la kupita kuku. Na kuku mwenyewe alikuwamo kitandani, ametaga.

Bwana Ngwamba akainamisha kichwa. "Kuna kasoro kidogo. Umeudhika, bibie?"

Siwema alikuwa ameudhika mpaka masikio yanamwaka. Lakini alikuwa kwa watu. Akatabasamu. "Haidhuru, bwana."

Paa likalia, kwa! Siwema akadhani ni upepo. Hakuona kwamba kivuli chake kimebanduka sakafuni, kikaingia ukutani, na hakikumfuata tena.

Alasiri akaomba maji ya kuoga. Sasa fikirini wenyewe: mlima mzima unatokota, mvuke unaonekana dirishani, maji ya moto yanatiririka hayana mwenyewe. Bwana Ngwamba akamletea kopo moja la maji ya baridi, lina viluwiluwi.

"Na yale ya moto je, bwana? Si yale pale?"

"Yale ni ya kutazama, bibie. Umeudhika?"

Siwema akauma meno. Alitamani ammwagie kopo lile kichwani. Akatabasamu. "Haidhuru, bwana."

Paa likalia, kwa! Safari hii alipotoka bafuni akahisi kitu. Anakanyaga mbao, mbao hazilii. Akapiga mguu chini kwa nguvu, kimya. Akatazama sakafuni, hana kivuli. Woga ukamwingia, lakini akajiambia ni uchovu wa safari. Akalala na yule kuku, na kunguni wakampokea vizuri kuliko mwenye nyumba.

Asubuhi akakaa kungoja chai aliyoahidiwa. Jua likachomoza, akangoja. Jua likapanda, akangoja. Jua likafika utosini, bado anangoja, na njaa imemshika tumbo. Alikuwa amekalia kigoda kidogo cha miguu mitatu.

"Dada," kigoda kikanong'ona, "sogea kidogo. Umenikalia shingo."

Siwema akaruka juu. Sauti ile aliijua tangu ikiwa ya mtoto mchanga.

"Mbaraka! Ni wewe?"

"Ni mimi, dada. Nilisema haidhuru mara tatu. Ya kwanza ikachukua kivuli. Ya pili ikachukua kishindo cha nyayo. Ya tatu ikanichukua mwenyewe, mzima mzima. Nyumba hii yote ni watu. Mlango ule ni mwalimu wa chuo. Mtungi ule ni bibi kizee. Zimwi huyu hajengi, anakaribisha tu."

"Na wageni wanaogomba?"

"Hao huwafukuza siku ileile. Hawamfai."

Siwema akahesabu. Amekwisha sema mara mbili. Akaapa moyoni kwamba ya tatu haisemi ng'o.

Mara Bwana Ngwamba akaingia na bakuli. Uji wa baridi, umeganda juu, una nzi wawili, mmoja bado anapiga mbawa.

"Chai imechelewa kidogo, bibie, na imekuwa uji. Umeudhika?"

Siwema akafungua mdomo aseme ndiyo. Neno likamkwama kooni. Akajaribu tena, likakwama. Akajaribu mara ya tatu, na mashavu yake yakaanza kutabasamu yenyewe kama yalivyozoea. Alijiona anavyopotea, na hana nguvu ya kujizuia. "Ha..." akasema.

Zimwi akalambalamba midomo. Akavuta kigoda, akakikalia kwa uzito wake wote, angoje neno liishe. Kigoda kikagumia kwa maumivu.

Hapo nyongo ikampanda Siwema.

"Inuka!"

"Unasemaje, bibie?"

"Inuka juu ya mdogo wangu! Nimeudhika! Nimeudhika na kitanda chako cha mawe! Nimeudhika na kuku wako! Mlima mzima unachemka, wewe unaniogesha kwa viluwiluwi! Nimengoja chai tangu alfajiri, unaniletea nzi! Nyumba yako mbovu, godoro lako linanuka, na wewe mwenyewe huna haya! Nimeudhika, nimeudhika, nimeudhika!"

Paa likalia, kwa! Kishindo cha nyayo zake kikarudi. Kwa! Kivuli chake kikabanduka ukutani, kikamrukia miguuni. Bwana Ngwamba akainuka, akarudi nyuma. Kanzu ilianza kumzidi, meno yanamdondoka moja moja.

Siwema akapiga magoti mbele ya kigoda. "Mbaraka, na wewe sema. Sema kilichokuudhi!"

"Ah, haidhuru, dada. Usijisumbue. Nimekwisha zoea."

Jamani! Siwema alitaka kukipasua kigoda kile kwa shoka. Ametembea siku tatu, amelala na kunguni, na huyu bado ana adabu!

"Mama hali chakula, Mbaraka! Anakaa mlangoni kutwa, macho yamemwingia ndani. Unataka nikamwambie umezoea? Sema!"

Kigoda kikasema polepole, "Uji... ulinuka moshi kidogo."

Mguu mmoja wa kigoda ukawa mguu wa mtu.

"Endelea!"

"Na chumba kinavuja."

Mikono ikachomoza.

"Na miezi mitatu mijitu inanikalia kichwani, na mimi sitaki! Sitaki, sitaki!"

Mbaraka akasimama, mwembamba, amejaa vumbi, analia kwa hasira. Siwema akamkumbatia.

Waliposikia hivyo, waliobaki hawakungoja kuambiwa. Mlango ukafoka. Kuta zikafoka. Mtungi, yule bibi kizee, ukatoa matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu. Kila kilichosema kikawa mtu, na kila aliyekuwa mtu akatoka nje, mpaka nyumba ikaisha yote. Pakabaki uwanja mtupu, watu wamesimama juani wanagomba, na zimwi katikati yao, mdogo, kanzu imemmeza.

"Waungwana," akalia, "mmoja wenu aniambie haidhuru. Mmoja tu!"

Mwalimu wa chuo, mtu mpole, akamwonea huruma, akafungua mdomo. Bibi kizee akamziba kwa kiganja. Zimwi akanywea, akanywea, hata kanzu ikabaki tupu. Upepo ukaipeperusha, ikaangukia kwenye chemchemi, ikachemka huko pamoja na maji.

Basi Siwema na Mbaraka wakarudi Vitongani. Mama, pale mlangoni alipokaa, akawavuta wote wawili kifuani. Walipokwisha kulia wote watatu na kumsimulia habari za zimwi, akainuka awapikie. Lakini kila dakika alikuwa anatoka jikoni kumchungulia Mbaraka kama bado yupo, na wali ukaungua.

Wakakaa mkekani. "Mtamu, wanangu?" mama akauliza.

Siwema akamtazama Mbaraka. Mbaraka akatazama sahani, jasho linamtoka.

"Umeungua, mama," akasema.

Mama akanyanyua uso, jicho limemtoka. Akachota tonge, akalitafuna polepole.

"Kweli umeungua," akasema. Kisha akauliza, "Na huko kwa zimwi, mwanangu, ulinyamaza kwa sababu gani?"

"Ulitufundisha tusilalamike kwa watu."

Mama akaweka sahani chini. "Kumbe ni mimi niliyekupeleka kwake," akasema. Akafuta macho kwa upindo wa kanga, akarudi jikoni, akawasha moto, akapika wali mwingine. Huo waliula wakaumaliza, na mama naye akala.

Hadithi yangu inakomea hapo. Anayetaka kuona maji ya Ngurumo aende, yapo. Adabu ni njema, wanangu, lakini kitu kinachokuumiza kiseme, tena kiseme mapema, hata ukiwa kwa watu.